Laki tisa, simu ya kawaida na uso wa bibi: uanzie wapi kujifunza picha?

"Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Pasua hapa Moshi. Nina simu ya kawaida tu na akiba ya laki tisa. Nataka kujifunza kupiga picha na kuedit, ili Desemba watu wakirudi nyumbani nianze kupata kazi za kipaimara, sendofu na harusi. Rafiki zangu wengine wananiambia ninunue kamera ya mtumba, wengine wanasema siku hizi kamera si kitu, nilipie kozi ya kuedit. Nimekutumia na picha ya bibi yangu, nimempiga nyumbani Uru. Kila nikimpiga uso unatoka mweusi kama mkaa na nyuma kunakuwa kweupe pe. Nikiongeza mwangaza anakuwa wa kijivu kama amepakwa majivu. Nakosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na picha ya bibi, maana jibu la laki tisa zako limejificha humo humo.

Nimeifungua kwenye kompyuta nikaikuza mpaka nyuzi za kitambaa chake cha kichwani zikaonekana. Bibi amekaa kwenye kigoda mlangoni, mikono juu ya magoti, nyuma yake uwanja, migomba mitatu, kisha anga tupu la saa saba mchana. Wewe umesimama sebuleni. Yaani unampiga mtu aliye kivulini huku simu inatazama mwanga mkali wa nje. Jicho lako halikuona shida yoyote, kwa sababu jicho linajirekebisha kila linapohama kutoka usoni kwenda uwanjani. Simu haina ujanja huo. Inapima fremu nzima, inakuta zaidi ya nusu ni weupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Deni analilipa bibi.

Kipima mwanga cha kamera, iwe ya laki tisa au ya milioni tisa, kinafanya kazi kwa dhana moja: kwamba ukichanganya vyote vilivyomo kwenye fremu, vyeupe na vyeusi, utapata kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ndiyo maana shela likijaa kwenye fremu linatoka kama limefuliwa na maji ya mfereji, na bwana harusi wa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi suti yake inatoka imepauka. Simu za sasa zinajua kutafuta nyuso na kuzitetea, na mara nyingi zinafaulu. Kwenye mlango wa bibi tofauti ya ndani na nje ilikuwa kubwa mno.

Na yale majivu? Simu yako inahifadhi picha kama JPEG, na JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, kuanzia giza totoro hadi weupe kabisa. Uso wa bibi ulibanwa kwenye ngazi chache za chini. Ulipoongeza mwangaza, programu ilizichukua ngazi zile chache ikazitandaza kwenye nafasi kubwa. Katikati haikuwa na rangi ya kujazia, ikabaki na chengachenga na ukijivu. Ukiongeza maji kwenye mtori sufuria inajaa, lakini ndizi ni zile zile. Kamera nyingi, na simu kadhaa, zinaweza kuhifadhi faili la RAW, ambalo linatunza ngazi 4,096 au hata 16,384. Hapo ndizi zipo za kukoroga. Lakini hata RAW haiokoi uso ambao mwanga haukuufikia.

Sasa rudi Uru. Kigoda kibaki pale pale mlangoni, bibi abaki pale pale, ila umgeuze atazame nje, na wewe ndiye utoke uwanjani, mgongo wako uelekee anga. Asogee ndani hatua moja ili jua lisimguse moja kwa moja. Lile anga lililokuwa adui yako sasa ni taa yake, kubwa kuliko taa yoyote ya studio utakayonunua. Nyuma yake ni giza la sebule. Gusa shavu lake kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka simu ikubali kufunga kipimo pale. Safari hii simu itakosea upande wa pili: ikiona giza jingi nyuma yake itataka kuzidisha mwanga. Kwa hiyo ukishafunga kipimo, telezesha kile kialama cha jua ushushe kidogo. Utajuaje kama panatosha? Tazama paji la uso. Likianza kung'aa kama sufuria mpya umezidisha, shusha tena. Ngozi yetu ina uzuri huu: inarudisha mwanga kama mbao iliyopigwa msasa vizuri, ina nuru yake na ina kivuli chake, na vyote viwili unavihitaji.

Hapo hujanunua kitu.

Kuna mtu mmoja napenda kumtaja kwa wanaoanza. Seydou Keïta, wa Bamako, Mali, aliyezaliwa 1921. Alikuwa na studio nyumbani kwake na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya uani kwa mwanga wa jua, kitambaa cha maua nyuma, mteja mbele. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mtu. Moja! Leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na ukizitazama utaona jambo lile lile la mlangoni kwa bibi: uso umeelekezwa kwenye mwanga laini, na mpiga picha amemkalisha mtu, akamgeuza bega, akangoja, ndipo akabofya.

Mimi mwenyewe nimejifunza enzi za mkanda wa picha 36. Bosi wangu, mzee mmoja mkali wa pale mjini, alinibebesha begi na kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga miezi mingi kabla hajaniruhusu kugusa kamera. Nilipopewa, nilipewa na daftari. Kila picha niandike kasi ya shata (muda ambao kamera inaachia mwanga uingie), tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga huo), saa na mahali. Mkanda ukienda kusafishwa, picha zikirudi, tunakaa mezani na daftari: hii imeungua, kwa nini? Hii imetikisika, uliandika shata ngapi? Wakati mwingine majibu yalikuja baada ya wiki, na tayari umesahau hata sura ya mteja.

Wewe daftari hilo unalo bure. Kila picha unayopiga, simu inaandika yenyewe ndani ya faili muda, kasi ya shata, ISO (yaani imeukuza mwanga kiasi gani) na tundu la lenzi. Fungua picha, gusa sehemu ya taarifa, utaziona. Hii kwangu ndiyo zawadi kubwa ya zama za kidijitali kwa anayejifunza, kuliko hizo programu zote. Unakosea saa nne, saa nne na dakika moja unajua umekosea nini, na saa nne na dakika mbili unarudia. Tatizo la vijana wengi ni kwamba wanapiga mia, wanachagua tatu nzuri, wanafuta tisini na saba. Umefukuza walimu tisini na saba, ukabaki na wanafunzi watatu. Zile mbaya zitunze kwenye folda yake, na Jumapili moja kaa nazo.

Zoezi langu kwa mwezi wa kwanza ni hili, na wengi huliacha siku ya nne kwa sababu linachosha: dirisha moja, mtu mmoja. Mpige kila siku saa tofauti. Mweke ubavu kwa dirisha, mgeuze kidogo kidogo, mrudishe nyuma hatua tatu, funga pazia nusu. Siku moja mvalishe nyeupe, siku nyingine nyeusi. Kufikia mwisho wa mwezi utaingia nyumba ya mtu kwa kazi na kabla hujasalimia utajua kiti kinahamia wapi. Salimia kwanza, lakini.

Na ukitoka nje, jua la hapa kwetu lina tabia zake. Tuko kama nyuzi 3 kusini ya ikweta. Karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, macho ya watu yanageuka mashimo meusi na pua inaweka kivuli mdomoni. Desemba limeegemea kusini, Juni limeegemea kaskazini, upande wa Mlima Kilimanjaro. Hii si elimu ya darasani tu. Mlima uko kaskazini ya mji. Ukimpiga bibi harusi mbele ya mlima mwezi wa Desemba, jua linatokea nyuma yako wewe mpiga picha na kuuangaza mlima. Juni ni kinyume, mlima unapauka na nyuso zinakuwa kivulini. Halafu mlima wenyewe haumsubiri mtu: asubuhi uko wazi, hewa yenye unyevu ikipanda kutoka msituni mawingu yanauvika kanga, jioni ukipenda unajifunua tena. Wanandoa wanatoka kanisani saa nane mchana wanakuuliza, "Mlima uko wapi?" Waambie mapema, kwenye kikao cha kamati, kwamba picha za mlima ni za saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku nyingine, au za kubahatisha jioni kabla jua halijazama.

Sasa kamera. Sitakuambia haina maana. Ukumbini usiku utaiona maana yake. Chukua ile dakika ndafu anapoingia: taa zimepunguzwa, MC anapiga kelele, akina mama wanacheza mbele yake, mbuzi mzima kwenye sinia na majani mdomoni, fataki za mezani zinawaka, na bibi harusi anashika kisu. Sensa, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye simu nyingi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Sensa ya kamera ya kawaida ya wanaoanza ni kama milimita 23 kwa 15. Sahani kubwa inakinga mvua nyingi. Simu inalazimika kuacha shata wazi muda mrefu, akina mama wanageuka moshi, au inapandisha ISO na kulainisha kila kitu mpaka nyuso zinafanana na sabuni. Kamera yenye lenzi ya 50 mm inayofunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya ile lenzi ya kawaida inayokuja na kamera ukiivuta mpaka mwisho, pale inapofunguka f/5.6 tu. Weka shata 1/125 au haraka zaidi, f/1.8 au f/2, ISO 3200, na ndafu utampata na mvuke wake.

Kwa hiyo ndiyo, siku moja utanunua. Ila si wiki hii. Laki tisa yote ikiishia kwenye kamera, betri ya pili utanunua na nini? Kadi mbili? Diski ya nje? Nimeona vijana wana kamera nzuri na kadi moja ya kuazima. Desemba hii tafuta mpiga picha mwenye kazi nyingi, na Desemba wote wana kazi nyingi, mji unafurika, Jumamosi moja ina kipaimara asubuhi na sendofu jioni. Mwambie nitakubebea begi, nitakushikia taa, wewe unilipe nauli na chakula tu. Ukipewa nafasi ya kupiga picha za pembeni, watoto, wageni wakipokewa, piga. Utajifunza kitu ambacho hakuna kozi inayokifundisha: wakati gani bibi atalia, mjomba yupi hataki kupangwa pembeni, na keki inakatwa dakika ngapi baada ya MC kusema inakatwa sasa hivi.

Utakapokwenda kununua mtumba, nenda na tochi na kadi yako. Vua lenzi, imulike tochi uitazame kwa ndani. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache hata ukipunguziwa. Uliza idadi ya mibofyo ya shata. Kamera nyingi za wanaoanza zimekadiriwa kama mibofyo 100,000, kwa hiyo yenye 90,000 si ya kulipia bei ya yenye 20,000. Funga tundu hadi f/16, piga anga jeupe au ukuta mweupe, kisha kuza picha. Madoa meusi yasiyohama ni uchafu kwenye sensa. Muuzaji akikuambia huna haja ya kujaribu, umeshapata jibu. Na jina la kampuni lisikunyime usingizi. Muhimu zaidi ujue watu walio karibu nawe wanatumia aina gani, ili siku umekwama uazime lenzi au chaja.

Kozi ya kuhariri usiilipie sasa. Nyingi zinafundisha vitufe, na vitufe vinabadilika kila mwaka. Photoshop iko tangu 1990, Lightroom tangu 2007, na zote leo unazikodi kwa mwezi. Ukifika huko, vizuri. Kwenye simu yako weka Snapseed, ni ya Google, haina malipo. Ukipata kompyuta ya kuazima kuna darktable kwa mafaili ya RAW na GIMP kwa kazi za kukata na kuunganisha, zote bure. Kilichobaki ni kujua unataka nini, na hilo ni jicho.

Nikuonyeshe ninavyofanya kwa picha moja. Tuseme umempiga bibi tena kama nilivyosema, lakini safari hii nje, chini ya migomba. Kwanza kabla ya yote shusha mwangaza wa kioo cha simu ufike nusu, na ukae ndani. Ukihariri juani utazidisha kila kitu. Nyoosha picha, mlango usilale. Kata kile kindoo cha plastiki pembeni. Halafu tazama rangi kabla ya mwangaza, hapo ndipo wengi wanakosea mpangilio. Chini ya migomba mwanga unachujwa na majani, kwa hiyo unafika usoni umechukua ukijani, na ngozi ya kahawia ikiingiwa na kijani mtu anaonekana mgonjwa. Kuna kitelezi kinachosukuma kati ya kijani na zambarau; sogeza upande wa zambarau kidogo mno, mpaka weupe wa jicho la bibi uwe mweupe. Jicho na meno ndiyo mizani yangu, siyo ukuta. Kisha punguza sehemu zenye mwanga mkali mpaka vitone vya jua kwenye kitambaa vipate nyuzi tena. Vivuli vipandishe kidogo, kidogo kweli, ukikumbuka mtori. Halafu kuna kile chombo cha kugusa sehemu moja tu: weka kidole usoni, punguza duara libane uso, ongeza mwangaza kwa kiasi ambacho mtu hatakigundua. Mwisho, ukali wa picha ongeza machoni, si kwenye picha nzima. Weka simu chini. Kesho asubuhi itazame tena kabla ya kumtumia mtu yeyote. Nusu ya kazi yangu ya usiku huwa naipunguza asubuhi.

Turubai ni balaa zaidi ya migomba. Kamati ikifunga maturubai ya bluu kwa ajili ya kivuli, wageni wote wanageuka bluu upande wa juu na njano upande unaopigwa na taa. Hakuna kitelezi kinachotibu rangi mbili kwenye uso mmoja. Watoe ukingoni mwa turubai, wakitazama nje. Na ukumbini usirushe flashi kwenye dari iliyopambwa vitambaa vya zambarau ukategemea irudi nyeupe. Itarudi zambarau. Mimi nimewahi kuwa na meza kuu nzima yenye rangi ya biringanya.

Ngozi sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Wateja watakuomba uwang'arishe. Wengine watasema waziwazi: nifanye mweupe. Simu nyingi zinakuja na ulainishaji wa uso umeshawashwa kwenye kamera ya mbele bila kuulizwa, uzime leo. Tatizo hili lina historia ndefu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa. Sisi tulitoka meno na macho tu. Waliokuwa wafanyakazi wa Kodak wamesimulia kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu ikaboreshwa ni watengenezaji wa chokoleti na samani, kwa sababu rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutofautiana. Chokoleti ilisikilizwa! Kwa hiyo ukiuweka mwanga vizuri kwenye ngozi nyeusi na ukaiacha iwe nyeusi, hujafanya uzembe. Chunusi ya juzi iondoe, itapona hata hivyo. Kovu la utotoni muulize mwenyewe. Mikunjo ya bibi usiiguse. Mteja aking'ang'ania weupe, mimi humpa picha mbili, moja yake na moja niliyoangaza tu uso wote pamoja na mwanga wake bila kubadili rangi. Mara nyingi anachukua ya pili, kwani alichotaka ni kuonekana, na neno alilonalo la kuonekana ni "mweupe".

Kuhusu akili mnemba: itumie kufuta waya wa umeme au kichwa cha mtu aliyepita nyuma. Kubandika mlima ambao siku hiyo haukuonekana ni makubaliano yako na mteja, lakini basi bandika mlima wa Moshi. Tukiwa huku, kilele cha Kibo kiko kushoto na cha Mawenzi kulia. Picha nyingi za mlima zilizoko mtandaoni zimepigwa Amboseli, Kenya, ambako Mawenzi inakaa kushoto. Nimeshaona albamu ya harusi ya Kibosho ambapo wanandoa wamesimama bustanini na nyuma yao mlima umegeuka, na mzee mmoja mezani aliutazama akauliza kama harusi ilifungwa Kenya.

Mambo ya kukabidhi kazi nayapitia haraka. Picha ukiituma WhatsApp kama picha, inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama hati. Kwa ya kuchapa ya sentimita 10 kwa 15 hakikisha ina angalau pikseli 1,200 kwa 1,800, ndipo itoke safi. Andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu, picha ngapi, lini, malipo ya kwanza kiasi gani, na kama unaruhusiwa kuziweka mtandaoni kama tangazo lako. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda picha kama kazi yako, lakini sura ni ya mwenye sura, na tangu Mei 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi. Picha za watoto wa kipaimara usizirushe kabla mzazi hajasema ndiyo.

Na nakala. Miaka ya nyuma nilipiga ubatizo, usiku nikahamishia picha kwenye kompyuta, nikafuta kadi ili niitumie kesho yake. Asubuhi kompyuta haikuwaka. Mtoto yule sasa anasoma sekondari, na mama yake tukikutana sokoni Mbuyuni bado ananiuliza, akicheka sasa, "Picha zangu zimeshatoka?" Kadi haifutwi mpaka picha ziwe sehemu mbili nyingine, na moja ya hizo isiwe ndani ya nyumba unayolala.

Kwa hiyo laki tisa iache benki mpaka Januari. Toa kidogo tu sasa: diski ya nje, na nauli ya kwenda Uru mara nne. Ukifika nenda asubuhi kabla ya saa tatu, na bibi asibadilishe nguo. Kile kitambaa chake cha kichwani ni kizuri, na rangi yake itakusaidia kuona kama umekosea. Nitumie picha tatu, kama hati, pamoja na ile unayoona imeharibika zaidi.